Mpwa Wangu Ametimiza 18, Faili la Watoto Limefungwa

Nesi alikuwa mstaarabu, hilo niliseme mapema. Alifungua faili la mpwa wangu, akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akaiangalia tena, halafu akamwambia dada yangu kwa sauti ya chini, "Mama, huyu kijana ametimiza 18. Huku kwetu ni watoto, hatuwezi kuendelea naye."

Dada akauliza, "Sasa twende wapi?"

"Ngoja niulize."

Akatoka. Tukabaki kwenye benchi, watoto wachanga wanalia kila upande, mpwa wangu kaziba masikio kwa viganja anayumba mbele na nyuma, ndo anavyofanya kelele zikizidi, kijana mrefu, ndevu zimeanza kuota, na kila mama aliyepita pale alimtazama yeye kwanza halafu akamvuta mtoto wake karibu. Alipokuwa mdogo watu walikuwa wanampa pipi, wanasema masikini mtoto wa watu. Sasa wanamwogopa.

Na anayumba vilevile.

Nesi akarudi na karatasi ya kutupeleka kliniki ya magonjwa ya akili ya watu wazima, hospitali nyingine. Tukaenda. Daktari kijana, mpole, akaanza maswali yake: anasikia sauti za watu ambao hawapo? Anavuta bangi? Amewahi kutaka kujidhuru? Dada akajibu hapana, hapana, hapana, mwisho akasema, "Daktari, mwanangu ana usonji."

Daktari akaandika. Halafu akauliza, "Ulianza lini?"

Dada akakaa kimya muda mrefu, nikaona anatafuta jibu ambalo halipo.

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nyingi sasa, kwenye mwendokasi, kazini, usiku nikiwa sijapata usingizi. Simlaumu yule daktari, hivyo ndo mgonjwa yeyote anavyoulizwa. Ila usonji, ambao kwa Kiingereza ni autism, hauna siku ulipoingia wala siku utakapotoka, na naona sehemu kubwa ya taabu ya dada yangu imetokana na watu kumuuliza hayo mawili miaka yote hii. Umeanza lini. Utaisha lini.

Umeanza lini

Wataalamu wanachosema ni kwamba ubongo wa mtu mwenye usonji umejijenga kwa namna yake tangu tumboni. Dalili zinaanza kuonekana mwaka wa pili au wa tatu, pale wenzake wanapoanza kuongea, kuonyesha vitu kwa kidole, kuigiza kupika na kuendesha gari, na yeye hafanyi, au alianza maneno mawili matatu halafu yakapotea. Kwa hiyo tunachokiona sisi ni siku tuliyogundua. Lakini familia haiishi bila tarehe. Kila nyumba yenye mtoto wa namna hii ina tarehe yake: tangu ile homa, tangu achanjwe, tangu tuhamie nyumba ile, tangu yule mama mkwe aje.

Sisi ya kwetu ni degedege. Mama yangu mpaka leo anasema mjukuu wake alikuwa mzima mpaka usiku ule wa degedege.

Na hapa nataka niwe mwangalifu, maana kuna wanaoandika mambo haya kwa kuwadharau wazee. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwauliza wazazi na wataalamu wanadhani usonji unatokana na nini, wakachapisha majibu mwaka 2015. Wapo waliotaja mapepo, uchawi na laana. Wapo waliotaja malaria na matatizo wakati wa kuzaliwa. Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 2006, kuna watafiti walioeleza habari za watoto 20 wenye usonji, na baadhi yao dalili zilikuja baada ya malaria kali. Malaria ikipanda kichwani inaumiza ubongo, hilo halina ubishi. Kwa hiyo mama yangu akisema degedege simkatalii kwa kelele. Namwambia tu kwamba video za mpwa wangu akiwa mdogo, kabla ya ile homa, zinaonyesha mtoto ambaye tayari alikuwa anaitwa jina lake mara tano bila kugeuka.

Kwa watu wengi wenye usonji mzizi mkubwa ni vinasaba. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha kule Uingereza. Kwenye jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, wenye vinasaba vilevile, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kwenye jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Utafiti mdogo, lakini uligeuza mambo, na zilizofuata zikawa kubwa zaidi na zikaelekea hukohuko. Huyo Folstein jina lake limo pia kwenye ule utafiti wa watoto 20 wa Tanzania, na nilivyogundua nilifurahi sana, kumbe kuna mtu aliyeanza na mapacha wa Uingereza akafika mpaka kwetu.

Kwa nini mapacha waligeuza mambo? Kwa sababu kabla ya hapo lawama yote ilikuwa ya mama. Marekani, miaka ya 1950 na 1960, madaktari wenye heshima zao walikuwa wanawaambia kina mama usoni kwamba mtoto amejifungia ndani kwa sababu hukumpenda vya kutosha, wewe ni mama baridi. Aliyewapinga kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, akatoa kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba hili ni suala la mwili na ubongo. Dada yangu hajawahi kukanyaga Marekani lakini hiyo kesi ameshtakiwa nayo hapahapa Dar es Salaam, ukweni, mbele ya wageni. Ulikula nini. Ulitumia dawa gani za uzazi. Ulimkosea nani.

La chanjo nalimaliza haraka. Daktari Andrew Wakefield mwaka 1998 aliandika kuhusu watoto 12 akaihusisha chanjo ya surua na usonji, mwaka 2010 jarida la The Lancet likaifuta makala yake na yeye akafutwa kwenye rejesta ya madaktari Uingereza. Denmark wakaangalia watoto zaidi ya laki 6 na nusu, matokeo yakatoka 2019, uhusiano haukuonekana. Chanjeni watoto.

"Magonjwa ya siku hizi"

Hii nayo nimeisikia sana. Kwamba zamani haukuwepo, umeletwa na simu na vyakula vya kopo, au ni ugonjwa wa wazungu.

Mtafiti Victor Lotter alikuja Afrika miaka ya sabini akatembelea miji ya Ghana, Nigeria, Kenya, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini kuwatafuta watoto wenye usonji, akawakuta. Wakati huo simu ya mkononi haipo, na kijijini televisheni hakuna. Walikuwepo, ila hawakuwa na faili.

Na kuna utafiti mmoja wa Uingereza ambao ndo ulinifungua kichwa kuliko zote. Traolach Brugha na wenzake, 2011. Badala ya kwenda shuleni kuhesabu watoto walikwenda majumbani kuwatafuta watu wazima. Walikuta karibu mtu 1 kati ya 100 ana usonji, na vijana na wazee viwango havikupishana kwa maana yoyote, yaani wazee wenye usonji wapo kama vijana walivyo. Wengi walikuwa wanaishi tu, hakuna aliyewatambua.

Nilivyosoma hapo nikaanza kuwafikiria watu wa ukoo wetu. Sitampima marehemu kwa kumbukumbu, sio kazi yangu. Lakini jiulize na wewe ukoo wako una nani aliyekuwa anasemwa "yule tangu zamani yuko hivyohivyo", akaachwa na ng'ombe wake au na cherehani yake, hakuoa, hakuwa na rafiki, akafa bila mtu kumuelewa.

Utaisha lini

"Ataacha akikua." Sijui dada ameambiwa mara ngapi. Na wanaosema wanamaanisha wema kabisa.

Amekua. Hajaacha.

Lakini kuna watu wakisikia usonji ni wa maisha yote wanaelewa kwamba mtoto atabaki palepale alipo, na hilo nalo sio kweli kabisa. Mpwa wangu akiwa na miaka minne hakuwa na neno hata moja. Kwenye tisa akasema "maji". Sasa hivi anasema maneno machache ya kuomba vitu na mengine anaonyesha picha kwenye simu ya mama yake, anajivalisha, anajua zamu yake ya kuosha vyombo na ukimruka anakasirika. Kuna watoto wanaoanza kuongea wameshapita miaka mitano na wanaongea vizuri. Mtu mwenye usonji anajifunza mpaka uzeeni kama mtu yeyote. Kinachobaki ni ule ubongo wenyewe, namna yake ya kusikia sauti, kuona mwanga, kuhitaji ratiba isivurugwe, kuwaelewa watu.

Na kila umri unakuja na yake. Kwake balehe ilikuja na kifafa. Sikujua kabla kwamba kifafa kinawapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kwamba ujana ni moja ya vipindi kinapoanza. Siku ile alipoanguka jikoni majirani wakasema sasa yale mapepo yamejionyesha wazi, wakaja na mafuta ya upako, na dada wa watu alikuwa amechoka kiasi kwamba alikaribia kuwaruhusu. Daktari akampa dawa za kifafa. Anazimeza kila siku na mara ya mwisho kuanguka ni zamani.

Kama angekuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba haya yanaweza kuja ukubwani, ile hofu ya jikoni isingekuwa kubwa vile. Kulijua jambo ni la maisha kunamsaidia mama kujiandaa.

Wale wanaoongea

Hapa kuna jambo linanisumbua na sijalimaliza.

Mitandaoni kuna watu wazima wenye usonji wanaojieleza wenyewe, vizuri kuliko mimi. Wengine wamegundulika wakiwa na miaka 30 au 40, hasa wanawake, kwa sababu walijifunza tangu wadogo kuficha, kuiga wenzao wanavyocheka, kujilazimisha kumwangalia mtu machoni mpaka wanarudi nyumbani hoi. Wanasema sisi sio wagonjwa, msitutafutie tiba, tengenezeni shule na ofisi tunazoweza kukaa. Nakubaliana nao.

Dada alisoma mmoja wao akanirudishia simu. "Mdogo wangu, huyu ana kazi, ana mume, anaandika. Na mwanangu mimi bado namsaidia kuoga. Kweli ni kitu kimoja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Aliyelitengeneza jibu la wataalamu ni Lorna Wing, daktari wa akili wa London, naye alikuwa na binti mwenye usonji wa kuhitaji msaada mwingi. Yeye na Judith Gould mwaka 1979 walitoa utafiti wao wa eneo la Camberwell, wakaona mambo yaleyale kwa watoto wengi, kwa viwango tofauti sana, na baadaye Wing akasisitiza kwamba ni upana mmoja usiokatika katikati. Mwongozo wa madaktari wa Marekani ukafuata mwaka 2013, yale majina tofautitofauti ya aina za usonji yakaunganishwa kuwa moja.

Kisayansi naelewa. Lakini nikimwangalia dada yangu na taulo begani saa 11 asubuhi naelewa pia kwa nini aliuliza. Ninachoona ni kwamba yule mwandishi na mpwa wangu wanahitaji kitu kimoja kwanza, watu waache kuwasubiri wawe wengine. Baada ya hapo mahitaji yanatofautiana na tusijifanye yanalingana.

Mtoto wa kwanza alivyozeeka

Makala iliyofanya madaktari wengi wautambue usonji ni ya Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, Baltimore, mwaka 1943, watoto 11. Wa kwanza kwenye orodha anaitwa Donald T. Dunia imekuja kumjua kwa jina lake lote, Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, aliyezaliwa 1933. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wampeleke kwenye taasisi ya kutunza watoto na wamsahau. Wakampeleka, halafu baada ya kama mwaka mmoja wakaenda kumchukua. Baba yake akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33.

Ila sehemu ninayoipenda ni ya shamba.

Walimtafutia familia ya wakulima karibu na kwao akaishi nao miaka kadhaa. Donald alikuwa na tabia ya kuhesabu mistari ya mahindi, anarudia na kurudia. Wale wakulima hawakumkataza. Wakampa farasi na jembe, wakamwambia basi hesabu huku unalima. Kanner alienda kumtembelea mwaka 1945 akamkuta analima, akalima mistari sita mirefu, anamgeuza farasi vizuri kabisa. Alikuwa anapenda kupima vitu, wakamwambia achimbe kisima na awaambie kina chake.

Hawakuwa wataalamu. Walikuwa wakulima.

Donald alimaliza chuo, akafanya kazi benki miaka mingi, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Amefariki Juni 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake. Familia ilikuwa na hela, ile benki ilikuwa ya upande wa mama yake, na mji mzima ulimjua, hilo lazima lisemwe, na sio kila mtu mwenye usonji ana uwezo wa kufika chuo. Lakini Kanner mwaka 1971 aliwafuatilia tena wale 11, na waliokuwa wamefungiwa kwenye hospitali kubwa za serikali walikuwa wamepoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Mwenyewe alikifananisha na kifungo cha maisha.

Hadithi ya kisima nilimsimulia dada jikoni. Akasema, "Wa kwangu ni maji." Kweli, mpwa wangu anaweza kujaza ndoo na kuimwaga mchana kutwa, tumeshagombana naye sana kuhusu bili ya maji. Barabarani karibu na kwao kuna mzee anauza miche ya maua na miti. Dada akaenda kumwomba. Mzee alisita, akauliza kama anapiga watu, dada akamwambia hapana, ila usiwashe redio kubwa. Sasa asubuhi anamwagilia, kopo moja kila mche, haruki hata mmoja, na mzee anampa hela kidogo mwisho wa wiki.

Matumaini ya aina gani

Kilichonitia shaka kuandika haya ni matumaini ya watu. Kuna mama atasoma hapa ana mtoto wa miaka mitatu, jana ametoka kwenye maombi ameambiwa mwezi huu anapona, na mimi nakuja kumwambia ni wa maisha. Nani amenipa haki hiyo? Nilimuuliza dada, kwa sababu yeye ndo alipita.

Alikaa akafikiri. Akasema miaka ile ya kuzunguka, kwa waganga wawili, kwa shehe wa kombe, kwa mchungaji wa ile ahadi ya siku 40, alikuwa hamfundishi mtoto kitu, kwa sababu alikuwa anasubiri akipona atajifunza yote kwa mpigo. "Siku niliyokubali ndo siku niliyomfundisha kufua soksi." Bado anasali, tena kila siku. Anaomba mwanawe apate usingizi, apate watu wema.

Bango la Aprili

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji, tangu 2008. Kila mwaka naangalia mabango yetu. Watoto, watoto, watoto. Na shule za msingi zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto pale Ilala, zimefanya kazi ambayo wazazi hawataisahau. Lakini mtoto akimaliza pale anarudi kukaa sebuleni.

Sheria tunayo, ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mimi naomba tu usonji wa watu wazima uwemo kwenye hesabu hizo, na kliniki ya watoto isifunge faili kabla haijajua kijana anapokelewa wapi na nani. Karatasi moja yenye historia yake ingetosha, dada asingekuwa anaulizwa bangi.

Kikao cha Morogoro

Pasaka tulikutana nyumbani kwa mama, Morogoro, ukoo mzima. Ajenda aliiweka dada mwenyewe: nikifa, huyu anakaa na nani?

Watu walitaka kumnyamazisha, dada acha kujitabiria. Akagoma. Tukaongea mpaka usiku. Binamu zake wawili wamekubali kuanza kuja kukaa naye mwisho wa wiki, wazijue dawa zake, wajue chakula anachokula na anachotema, wajue kwamba akianza kuyumba unapunguza sauti na unasubiri. Mdogo wetu wa mwisho amekubali kuwa wa pili baada yangu.

Suala la nyumba bado. Kaka mkubwa anataka iandikwe jina lake halafu yeye ndo atamtunza, dada anataka iwe ya kijana mwenyewe, mimi namuunga mkono dada, ila nani atasaini kwa niaba yake na nani atamsimamia huyo anayesaini hatujakubaliana. Tumepanga tumuone mwanasheria kabla ya Desemba. Kama familia yako imeshapita hapa, mna mtu mzima mwenye usonji na mkamwandikishia nyumba au shamba likabaki kuwa lake, naomba uniandikie mlifanyaje.